Simu Inayodai Faili la Uthibitisho

SWALI: Mimi ni fundi simu hapa Morogoro. Nimeletewa simu yenye chipu ya MediaTek ambayo ikiwashwa huishia kwenye nembo. Nikiiflashi, yaani kuipakia programu upya, kwa SP Flash Tool ya kompyuta, inaleta kosa namba 5000. Nimepakua mafaili matatu ya uthibitisho mitandaoni na yote yamegoma. Je, ubao umekufa?

JIBU: Ubao usikutie wasiwasi, ndugu fundi. Kosa hilo hutokea wakati chipu imekwisha kuitikia kompyuta, ikadai faili la uthibitisho, lile linaloishia na .auth, na isilipate. Kiwandani, alama ya ufunguo wa kampuni iliyounda simu huchomwa ndani ya chipu mahali pasipofutika, na faili lolote linaloletwa hupimwa kwa alama hiyo. Ndiyo maana faili la kampuni nyingine halifai kitu hata kama simu zote mbili zina chipu ya aina moja, na hayo matatu uliyopakua, hata yangekuwa thelathini, yangegoma vilevile.

Rudi kwenye folda ya programu ya simu hiyo hiyo. Fungua kwa Notepad faili lenye jina kama MT6765_Android_scatter.txt, yaani faili la scatter linaloorodhesha sehemu za kumbukumbu ya simu, utazame mstari wa platform: namba iliyoandikwa hapo isipolingana na chipu ya simu, umepakua programu isiyo yake. Ikilingana, tafuta humo humo faili la auth_sv5.auth, uliweke kwenye nafasi ya tatu ya SP Flash Tool, chini ya scatter. Folda ikiwa na faili lake la DA (Download Agent, programu ndogo inayopelekwa kwanza kwenye chipu ili kuongoza uandishi), litumie hilo badala ya lile linalokuja na SP Flash Tool, kwa kuwa chipu iliyofungwa kwa ufunguo wa kampuni hudai saini yake hapo pia.

Zipo kampuni zisizotoa faili hilo kabisa, ambazo mafundi wao huthibitishwa kwa akaunti kupitia intaneti. Hapo mweleze mteja ukweli, umwelekeze kwenye kituo cha kampuni.

Hata faili likikubali, chagua Download Only. Mafundi wengi, kwa hasira ya kugomewa, huchagua Format All, ambayo hufuta sehemu ya NVRAM inayohifadhi IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Simu huwaka vizuri, lakini mteja akipiga *#06# anakuta patupu. Kuipachika IMEI nyingine ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kwa hiyo hifadhi nakala ya NVRAM kwanza kila inapowezekana.