Januari hii, anzeni na Lumumba

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ni vipindi gani vya televisheni za umma ambavyo msomaji angewashauri wenzake wavitazame mtandaoni mwezi huu wa Januari, na kwa nini? Nawajibu kutoka Lubumbashi, komini ya Katuba, na jibu langu linafuata kalenda. Januari kwetu Kongo si mwezi mtupu. Tarehe 4 tunawakumbuka waliouawa Kinshasa mwaka 1959 wakidai uhuru, tarehe 16 ni Rais Laurent-Désiré Kabila, tarehe 17 ni Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Na tarehe hiyohiyo ya 17, mwaka 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia Goma. Mwenye mega chache mwezi huu, basi azile kwa mambo hayo.

Mngeniruhusu kutaja kimoja tu, ningetaja filamu ya Mjerumani Thomas Giefer iliyorushwa na televisheni ya umma ya Ujerumani mwaka 2000. Kwa Kifaransa inaitwa Une mort de style colonial. Habari yenyewe sisi wa Lubumbashi tunadhani tunaijua tangu utoto: Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege hadi uwanja wa Luano tarehe 17 Januari 1961, wakafungiwa katika nyumba ya Brouwez, na usiku huohuo wakapelekwa porini Shilatembo wakapigwa risasi. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja, na kumwona aliyelifanya akilisimulia ni kitu kingine kabisa. Giefer aliwafuata wazee wa Kibelgiji waliokuwa Katanga siku zile, akawakalisha mbele ya kamera, akawaacha waseme. Mmoja wao ni Gerard Soete, aliyekuwa ofisa wa polisi. Anaeleza jinsi yeye na mwenzake walivyoifukua miili, wakaikatakata na kuiyeyusha kwa asidi. Kisha anatoa meno aliyoyahifadhi nyumbani kwake miaka yote hiyo na kuyaonyesha kwenye kamera.

Tazameni mikono yake wakati huo, na sikilizeni sauti. Hapandishi, hashushi. Mimi sijaona somo la historia ya ukoloni linaloifikia dakika hiyo. Na mambo hayakuishia kwenye filamu. Mwaka 2016 jino moja lilikamatwa na vyombo vya sheria vya Ubelgiji kutoka kwa familia ya Soete, na tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa kwa watoto wa Lumumba mjini Brussels. Jeneza lililolibeba lilizungushwa nchini, likafika hata huku kwetu, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Vijana wengi walioshuhudia msafara ule hawajui kwamba ushahidi wa jino ulikuwa umeonekana kwenye televisheni zaidi ya miaka ishirini nyuma. Ndiyo maana natetea televisheni za umma kwa moyo wote. Nani mwingine angemlipa mtu aende kukaa na wazee hao, bila tangazo la sabuni kukatiza maungamo yao?

Filamu za aina hii hupandishwa na kuondolewa mtandaoni kutegemea mikataba ya haki, kwa hiyo itafuteni mapema, msingoje tarehe 17 yenyewe. Na watoto wadogo wasiitazame. Kuanzia umri wa sekondari, watazame pamoja na mtu mzima atakayeweza kujibu maswali.

Baada ya hiyo, nendeni kwenye picha za kale. Ufaransa ina taasisi ya umma inayotunza kumbukumbu za redio na televisheni, INA, na kwenye tovuti yake kuna vipande vingi vya kutazama bure. Ubelgiji ina Sonuma, inayohifadhi kumbukumbu za RTBF, televisheni ya umma ya Wabelgiji wanaosema Kifaransa. Andikeni Congo 1960, Katanga, Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), Lumumba, mtaona. Januari ya 1960 peke yake inatosha kuwashughulisha wiki nzima. Lumumba alikuwa gerezani Jadotville, yaani Likasi, safari fupi tu kutoka hapa. Wajumbe wa Kongo waliokuwa kwenye Meza ya Duara, mkutano wa kujadili uhuru huko Brussels, wakakataa kuendelea bila yeye. Akatolewa, akapandishwa ndege, akashuka Brussels tarehe 26 Januari na alama za pingu zikiwa bado kwenye vifundo vya mikono. Kesho yake tarehe ya uhuru, 30 Juni, ikatangazwa. Kutoka seli ya Likasi hadi meza ile, siku chache tu. Mwanafunzi akisoma hilo kwenye daftari halimgusi. Akimwona kijana yule mrefu mwenye miwani akishuka ngazi za ndege, anauliza mwenyewe: ilikuwaje?

Vipande hivi vina ladha ya pekee mkivitazama na wazee. Katika lupango letu, yaani uwanja wa nyumba zetu, tuna jirani aliyekuwa mtoto wakati wa vita vya Katanga. Tuliweka kompyuta juu ya kigoda, watoto chini kwenye mkeka, yeye kwenye kiti. Mtangazaji wa zamani alikuwa anaeleza mambo ya Umoja wa Mataifa kwa ile sauti yao ya puani. Mzee akainua mkono: «Simamisha hapo.» Picha ilikuwa ya Place de la Poste, askari wamesimama, na nyuma yao watu wanapita na baiskeli. Mzee hakujali askari. Alitaka tuangalie upande wa kushoto wa picha, akaeleza ni barabara gani ile, ni wapi Mwafrika alikuwa haruhusiwi kukaa saa za usiku, na baba yake alipita wapi akitoka kazini kwenye kampuni ya madini ya Union Minière kurudi mtaani Kamalondo. Sauti ya mtangazaji ilisema mambo ya wakubwa, mzee akajaza yaliyobaki. Nawaomba sana, mwenye mzee nyumbani afanye hivyo mwezi huu. Na simu nyingine iwe inarekodi anachosema.

Kwa watoto, na kwa ajili ya ndugu zetu wa Goma, nachagua C'est pas sorcier. Kilikuwa kipindi cha France 3 kuanzia 1993, na sasa matoleo mengi yako YouTube bila malipo, kila moja kama dakika 26. Fred Courant na Sabine Quindou wanazunguka nje, Jamy Gourmaud yuko ndani ya lori na vifaa vyake vya mfano, anamwaga, anapasha moto, anakata mlima wa plasta katikati ili uone tumbo lake. Mtoto wa miaka kumi anaelewa hata kama Kifaransa chake ni cha shule tu. Tazameni yale ya volkano. Halafu mzazi aongeze ya kwetu: lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, kwa hiyo ni nyepesi, inakimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa juu kwenye kreta lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika lote kwa muda wa chini ya saa moja. Mwaka 2002 lava ilikata mji wa Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaishia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena. Mtoto wa Lubumbashi anapaswa kujua kwa nini binamu yake wa Goma anajenga juu ya mawe meusi.

NOVA, kipindi cha sayansi cha PBS, televisheni ya umma ya Marekani, kilimpa Nyiragongo toleo zima mwaka 2005. Hapa tunafika kwenye tatizo. Video nyingi za PBS ukizifungua kutoka kwetu unajibiwa kwamba hazipatikani katika eneo lako. Ni hivyohivyo kwa iPlayer ya BBC na kwa vipindi vingi vya france.tv. Haki za kurusha hununuliwa nchi kwa nchi, na walipaji wa kule ndio wanaohesabiwa. Lakini tovuti ya NOVA ina maandishi kamili ya maneno yote ya toleo lile, na hayo yanafunguka. Mwalimu wa Kiingereza ayachapishe, darasa liyasome kwa zamu. Frontline, kipindi cha uchunguzi cha PBS tangu 1983, chenyewe huweka filamu nyingi nzima YouTube. Zitazameni wakati zipo: mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa redio na televisheni za umma, na vituo vidogo vya kule ndivyo vinavyoumia kwanza.

Milango iliyo wazi kwetu ni TV5MONDEplus, ya bure tangu 2020, yenye filamu na tamthilia kutoka nchi zinazosema Kifaransa, za Afrika zikiwemo, na arte.tv ya Wafaransa na Wajerumani. Kwa ARTE nashauri Le dessous des cartes, dakika kumi na mbili hivi za ramani na maelezo, nzuri mno kwa shule yenye atlasi moja. Angalieni tarehe ya mwisho iliyoandikwa chini ya kila video, maana ikipita video inatoweka. Programu yao ya simu inaruhusu kupakua, basi pakueni usiku umeme ukiwepo. Ubora wa picha wa 360p inatosha kabisa kwenye kioo cha simu na inakula mega chache sana kuliko ya 720. Kwa habari za kila siku kwa Kiswahili, Dira ya Dunia ya BBC iko YouTube.

Limebaki la kwetu wenyewe. Televisheni ya taifa ilianza 1966, na leo RTNC inasoma habari kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba. Miongo ya mikanda ile imebeba uso wa Mobutu ukitokea mawinguni kabla ya habari, imebeba wanamuziki wetu, mechi zetu, wachimbaji wetu wakiongea lugha yao. Nataka siku moja nijibu swali kama hili lenu kwa kutaja kumbukumbu za RTNC kwanza, na za INA na Sonuma baadaye. Nawaomba wahariri mliulize hilo waziwazi kwa wahusika: mikanda ya Lubumbashi iko katika hali gani, na nani amepewa kazi ya kuigeuza kuwa ya kidijitali? Jibu mkilipata, nitafurahi kulisoma katika toleo lijalo.