Kubana mafaili kwenye kompyuta yenye RAM ndogo

Swali: Kompyuta ya shule yetu ina RAM ya MB 512. Kila nikibana kumbukumbu za wanafunzi kwa programu ya 7-Zip katika kiwango cha juu kabisa, inaganda. Je, imeharibika?

Jibu: Haijaharibika, mwalimu, imeelemewa. Njia ya LZMA inayotumiwa na 7-Zip hutafuta mfuatano wa data unaojirudia kwa kuulinganisha na data iliyokwishapita, na sehemu hiyo inayokumbukwa ndiyo huitwa kamusi. Kubana huhitaji RAM inayokaribia mara 11 ya ukubwa wa kamusi. Kwa hiyo kamusi ya MB 64 hudai takriban MB 700, nayo mashine yako, kwa kuwa haina kiasi hicho, hulazimika kupeleka data kwenye diski na kuirudisha tena na tena. Ndiyo maana unaona taa ya diski ikiwaka bila kupumzika huku kipanya kikigoma kusogea. Katika dirisha la 7-Zip la kubana, chagua kamusi ya MB 4, kisha, kabla ya kubonyeza OK, tazama chini ya dirisha hilo hilo, ambapo RAM itakayotumika huandikwa: itashuka hadi MB 50 hivi. Ikiwa mafaili yako yote kwa pamoja hayafiki MB 4, kamusi kubwa zaidi isingekupa faida yoyote.

Swali: Je, atakayelifungua faili hilo naye atahitaji RAM nyingi?

Jibu: Hapana, kufungua huhitaji RAM inayozidi kidogo tu ukubwa wa kamusi. Jihadhari na PPMd, njia nyingine ya kubana inayopatikana katika 7-Zip hiyo hiyo, kwa sababu hudai RAM ileile wakati wa kubana na wa kufungua, na nisingependa umtumie faili la namna hiyo mtu mwenye mashine dhaifu kuliko yako.

Swali: Mbona picha za simu hazipungui?

Jibu: Picha za JPEG zilikwisha kubanwa na kamera yenyewe. Chagua kuzihifadhi bila kubana, uokoe muda.

Swali: Nitumie muundo wa faili wa ZIP au 7z, ule wa 7-Zip yenyewe?

Jibu: Kwa mashine kuukuu, ninapendekeza ZIP. Njia yake ya kawaida, Deflate, hutazama nyuma KB 32 tu, hivyo haihitaji RAM kubwa, na hata Windows XP huifungua bila programu ya ziada. Tumia 7z pale nafasi ya diski inapokubana kweli, na mpokeaji awe na programu ya kuifungua.