Mashine inasoma dBm 29.6 badala ya 33: je, aisi ya pawa imekufa?

SWALI: Habari za kazi, injinia. Mimi ni fundi simu Kariakoo. Nimenunua CMU200, mashine ya kupimia simu, iliyotumika na bado naizoea. Kuna mteja wa Kisarawe ana simu ya batani ya laini mbili. Akiwa mjini anaongea vizuri. Akirudi kwake mnara unaonekana, lakini akipiga inakata, na mara nyingine simu inazima yenyewe. Nimeifungua, nikachomeka waya wa kupimia kwenye ile soketi ndogo ya bodi, nikailisha volti 3.8 kwa pawa saplai, nikaweka laini ya majaribio. Kwenye bendi ya 900, chaneli ya 62, nimepata hivi: ngazi ya pawa ya 5, dBm 29.6, ngazi ya 10, dBm 21.3, ngazi ya 15, dBm 11.4. Kosa la masafa ni Hz 24, kosa la fezi digrii 1.9. Kwenye 1800, chaneli ya 698: ngazi ya 0, dBm 27.8, ngazi ya 5, dBm 17.8. Saplai inaonyesha ampea 0.3 na volti haichezi. Je, nibadilishe aisi ya pawa, ile inayokuza mawimbi ya kurusha? Na hii mashine itanipimia simu za 4G?

JIBU: Nzuri, fundi, pole na kazi. Zima blowa ya kuyeyushia risasi kwanza, usiing'oe aisi bado. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umepima ngazi tatu badala ya moja, na majibu karibu yote yamo humo humo kwenye namba zako.

Tuanze na zinazotakiwa. Simu ya kawaida ya GSM (2G) kwenye bendi ya 900 inatakiwa irushe dBm 33, yaani wati 2, ikiwa kwenye ngazi ya 5. Kila ngazi inayofuata inashuka dB 2, kwa hiyo ngazi ya 10 ni dBm 23, ya 15 ni 13, na ya mwisho, ya 19, ni 5. Kwenye 1800 ngazi ya juu ni ya 0, nayo ni dBm 30, wati 1. Ngazi ya 5 huko ni dBm 20. Kiwango cha GSM kinaruhusu kupungua au kuzidi dB 2 kwenye pawa ya juu kabisa, na dB 3 kwenye ngazi za katikati.

Sasa toa. Ngazi ya 15 umepungukiwa 1.6. Ngazi ya 10 umepungukiwa 1.7. Ngazi ya 5 umepungukiwa 3.4. Ukienda 1800, ngazi ya 5 umepungukiwa 2.2 na ngazi ya 0 vilevile 2.2.

Pengo linalobaki lile lile kwenye kila ngazi kwa kawaida halitoki kwenye aisi. Aisi iliyochoka ni nadra kukosea kwa kipimo kile kile ikirusha wati 2 na ikirusha miliwati 20. Hilo pengo mara nyingi ni njia: waya wako, kichwa chake cha kuchomeka, na adapta uliyofungia kwenye mashine. Waya mwembamba wa kupimia unakula karibu dB 1 kwa kila mita kwenye 900, na unakula zaidi kwenye 1800 kwa sababu upotevu unapanda pamoja na masafa. Ndiyo maana huku umepata 1.6 na kule 2.2. Nina hakika hukuiambia mashine kuhusu upotevu huo, kwa hiyo imekusomea kinachofika mlangoni pake, siyo kinachotoka kwenye simu.

Kuna sehemu kwenye mipangilio ya mashine ya kuingiza upotevu wa nje. Iingize kwa kila bendi peke yake, na uiingize pande zote mbili, wa kuingia na wa kutoka. Ukiacha wa kutoka, simu itapokea mawimbi dhaifu kuliko unavyodhani, na siku utakayopima upokeaji utailaumu bure. Usichukue 1.6 yangu ukaifanya sheria. Hiyo nimeikisia kutoka kwenye namba zako. Njia nzuri ni kuwa na nyaya mbili za aina moja, kuziunganisha kichwa kwa kichwa, kupitisha mawimbi ya mashine yenyewe kutoka mlango mmoja hadi mwingine, kisha kugawa upotevu kwa mbili. Ukikosa kiunganishi cha hivyo vichwa vidogo, tumia simu mpya ya aina hiyo hiyo kama kipimo cha kulinganishia, ukijua kwamba na yenyewe inaweza kupishana na 33 kwa sehemu ya desibeli. Waya huo ukishaupima uufanye wa mezani tu. Vile vichwa vidogo vinachoka, na kikianza kulegea namba zinacheza kila ukikigusa.

Ukirudisha hiyo 1.6, ngazi ya 10 na ya 15 zimekaa sawa kabisa. 1800 yote, ukiirudishia 2.2 yake, iko sawa. Kinachobaki ni ngazi ya 5 peke yake: 29.6 na 1.6 ni 31.2. Kwa karatasi simu imepona, kwa kuwa mpaka wa chini ni 31. Mimi nisingeipasisha. Kitu kinachofuata mstari vizuri hadi karibu na juu, halafu kinapungukiwa dB 1.8 kwenye ngazi ya juu kabisa, kimeishiwa nguvu mahali. dBm 31.2 ni wati 1.3 hivi. Theluthi nzima ya pawa imepotea, na imepotea pale tu simu inapodaiwa yote.

Hapo ndipo mteja wako wa Kisarawe anapoeleweka. Mnara ndio unaoiamuru simu irushe kwa ngazi gani. Mjini minara iko karibu, simu inashushwa na kuongea kwa pawa ndogo, kila mtu anafurahi. Akifika kwake anaambiwa apande hadi ngazi ya 5, na hapo ndipo ugonjwa unapotokea. Vile vijiti vya mnara kwenye kioo havisaidii chochote hapa, kwa kuwa vinapima kupokea tu. Simu inaweza kuusikia mnara vizuri huku mnara hauisikii.

Sasa umeme. Umeniambia saplai inaonyesha ampea 0.3 na volti haichezi. Hiyo mita inakudanganya bila kukusudia. GSM hairushi mfululizo. Fremu moja ni milisekunde 4.615, imegawanywa nafasi nane, na simu inarusha kwenye nafasi moja tu, mikrosekunde 577, kisha inanyamaza. Kwenye mpigo huo mfupi, kwa ngazi ya 5, aisi ya pawa inavuta kati ya ampea 1.5 na 2. Mita inaonyesha wastani wa mpigo na ukimya, ndiyo hiyo 0.3. Mipigo hiyo inakuja mara 217 kwa sekunde, na ndiyo ile unayoisikia ikikoroma kwenye spika ya redio simu ikiwekwa karibu.

Chukua nyaya za saplai nyembamba, za mita moja moja, zenye koleo za mamba zilizoanza kushika kutu. Zote pamoja zikifika omu 0.35, ampea 2 zinapopita unapoteza volti 0.7. Saplai inasema 3.8, bodi inapata 3.1 kwa hizo mikrosekunde 577, kisha inarudi 3.8 kabla mita haijashtuka. Ni kama taa za mtaani zinavyofifia jirani akiwasha mashine ya kuchomelea, ila hapa jicho haliwahi kuona. Aisi ya pawa ikinyimwa volti haiwezi kufika juu, hata kama ni mpya. Ngazi ya 10 inahitaji umeme mdogo, ndiyo maana imetoka safi. 1800 nayo pawa yake ya juu ni nusu ya ile ya 900, nayo imetoka safi.

Kuthibitisha ni rahisi. Kwenye mashine fungua picha ya pawa dhidi ya muda, ile inayochora mpigo ndani ya mipaka yake. Kichwa cha mpigo kinatakiwa kiwe bapa, kisitoke nje ya dB 1 juu au chini kwenye sehemu yenye data. Ukiona kinaanza juu na kuteremka kuelekea kulia kama paa la banda, volti inaanguka wakati wa kurusha. Kama una osiloskopu, weka ncha zake kwenye vituo vya betri pale pale kwenye bodi, utaona mashimo kila milisekunde 4.6. Huna? Chomea kapasita ya mikrofaradi 4700 kwenye vituo hivyo, nyaya zake ziwe fupi iwezekanavyo, zingatia chanya na hasi, kisha pima ngazi ya 5 upya. Pawa ikipanda, umeshampata mwizi. Baada ya hapo tengeneza nyaya nene na fupi za saplai, na saplai yenyewe iweze kutoa ampea 3.

Ila usije ukamrudishia mteja simu kwa sababu imepona kwenye saplai. Kule kwake anatumia betri yake. Irudishe hiyo betri, pima ngazi ya 5 tena, angalia tena kichwa cha mpigo. Betri iliyozeeka ukinzani wake wa ndani unapanda na kufanya yale yale yanayofanywa na nyaya zako, na simu kuzima yenyewe wakati wa kupiga ni dalili yake kubwa. Kama ni kubahatisha, mimi ningeweka pesa yangu kwenye betri au kwenye vyuma vyake vya kugusia kabla ya kufikiria aisi. Safisha vile vyuma kwa spiriti na uviinue kidogo.

Kama pawa itabaki 31.2 hata kwa umeme mzuri, hapo tuzungumze habari za bodi. Pima chaneli ya 1, ya 62 na ya 124. Zikipungua zote sawa, angalia kapasita kubwa zilizo karibu na aisi ya pawa kwenye njia ya betri, na risasi chini ya aisi yenyewe, hasa simu ikiwa iliwahi kuanguka au kuingia maji. Upande mmoja wa bendi ukishuka sana kuliko mwingine, shuku vijisehemu vidogo kati ya aisi na antena. Simu nyingi za aina hiyo zimeweka aisi ya pawa na swichi ya antena kwenye kifurushi kimoja, kwa hiyo huwezi kubadilisha kimoja ukaacha kingine. Na ukibadilisha, jedwali la pawa lililoandikwa kiwandani lilikuwa la ile aisi ya zamani. Mpya ikipishana kidogo si ajabu. Pima ngazi zote kabla ya kufunga kava. Kwa sababu hiyo hiyo usikimbilie kuflashi simu nzima. Ukifuta sehemu yenye data za kalibresheni umefuta jedwali hilo, na IMEI, namba ya utambulisho wa simu, inaweza kwenda nayo, na kuandika IMEI nyingine ni kosa la jinai.

Hz 24 kwenye kosa la masafa ni nzuri. Kinachoruhusiwa ni sehemu 0.1 kwa milioni, ambayo kwenye chaneli ya 62, MHz 902.4, ni Hz 90. Ila ujue kwamba simu ikiwa imejiunga na mashine inajirekebisha kwa kufuata masafa ya mashine, na mashine inaipima kwa saa ile ile. Hata saa ya mashine ikiwa imepotoka kidogo, namba itatoka nzuri. Kristali iliyoharibika sana utaijua kwa simu kushindwa kuiona mashine kabisa. Kosa la fezi, mpaka ni digrii 5 kwa wastani na 20 kwa kilele. Wewe una 1.9, endelea.

Jambo ambalo kipimo chako hakikuligusa ni antena. Ukichomeka waya kwenye ile soketi, swichi iliyo ndani yake inaikata antena. Fundi anaweza kupata 33 safi mezani huku simu haishiki kijijini, kwa sababu kava lililobadilishwa lina antena ya bei rahisi au kichuma chake hakigusi bodi. Ukimaliza, funga simu yote, iweke ndani ya sanduku la chuma lenye antena ya kupimia, na ilinganishe na simu nzima ya aina hiyo, mahali pale pale na mkao ule ule. Usitafute dBm kamili hapo, tafuta tofauti. Usipime kwa antena iliyo wazi juu ya meza. Mashine yako ikiwaka ni mnara mdogo unaorusha kwenye masafa ambayo kampuni za simu zimeyalipia leseni, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana haki ya kuja kukuuliza.

4G haitapima. CMU200 ni ya zama za GSM na 3G. Kwa LTE, yaani 4G, unahitaji mashine ya kizazi cha CMW500, na bei yake inaumiza hata ikiwa imetumika. Siku ukiipata, au ukipeleka simu kwa mwenye nayo, usishtuke kuona dBm 23 kwenye pawa ya juu ukadhani aisi imekufa. Simu ya kawaida ya LTE inatakiwa irushe 23, ikiruhusiwa kupishana dB 2, yaani wati 0.2, sehemu ya kumi ya GSM 900. Ile ya 3G mara nyingi ni 24, na inaruhusiwa kuzidi dB 1 tu na kupungua hadi 3. Huko wanaangalia zaidi usafi wa mawimbi: yanavyovuja kwenye chaneli ya jirani, na alama za data zinavyopotoka, ambapo QPSK, namna ya polepole ya kubeba data, inaruhusiwa asilimia 17.5, na 64QAM, ya kasi zaidi, 8 tu. Simu ya LTE inaweza kutoa 23 kamili na bado intaneti ikasuasua kwa sababu ya hizo alama. Lakini simu hii ya batani wala haina 4G. Anza na nyaya za saplai.