Hata Tabora Mwezi Tunauona

Juzi dada mmoja aliniandikia: "Mungu anajua kila nilichofanya. Sasa nikipiga magoti, namwambia nini ambacho hakijui?" Swali hilo limeninyima usingizi siku mbili. Mchungaji angelijibu vizuri zaidi. Mimi nina habari za dagaa tu.

Mwaka 2017 nilikuwa nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, na kuwapakia kwenye treni kwenda Tabora, kwa mama mmoja mfanyabiashara. Nilimwita Dada, yeye aliniita mdogo wangu. Anatuma hela kwa simu, mimi namtajia bei, basi.

Mtu wa Kigoma anajua dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiingia, wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Hapo ndipo nilipopata mlango. Nikaanza na elfu tano juu ya kila gunia, baadaye elfu kumi. Mwezi wenyewe mwembamba kama ukucha, nami kwenye simu nalia: "Dada, mbalamwezi hii imetumaliza!"

Na Jumapili niko kwaya, mstari wa mbele. Naomba kama wote tunavyoomba: nisamehe niliyotenda kwa kujua na kwa kutokujua. Sala ya jumla, kama bei ya jumla. Elfu kumi za watu hazikutajwa humo hata siku moja.

Kisha likaja dumu la asali. Lita tano, mdomo umefungwa kwa mfuko wa nailoni, na kipande cha daftari: "Mdogo wangu, nimesikia unakohoa." Nililisukuma uvunguni. Daudi anasema katika Zaburi ya 32 kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Mimi nilikuwa nasikia lile dumu kila nikigeuka kitandani.

Nilikaa na daftari nikapiga hesabu: laki nne na themanini. Nikapanda treni. Safari siielezi, anayeijua reli yetu anaijua.

Nilimkuta Dada anapepeta mchele. Nikasema yote, mwezi kwa mwezi. Hakuacha kupepeta. Alipomaliza akauweka ungo chini.

"Mdogo wangu, hata Tabora mwezi tunauona."

Alijua tangu mzigo wa tatu. Asali aliituma akiwa anajua. Nikamuuliza mbona aliendelea kutuma hela. "Nilikuwa nangoja useme."

Basi dada uliyeniandikia, jibu langu ndilo hilo. Kuungama si kumpelekea Mungu taarifa. Ukipiga magoti humwambii asichokijua, unaacha kumwambia uongo. Yohana wa kwanza, sura ya 1 mstari wa 9, inataka tuziungame dhambi zetu. Zina majina, zitaje. Kama ni wizi, sema wizi, usiseme "mapungufu". Na kama kuna mtu umemuumiza, mwendee. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mimi hata mara moja ilinishinda kwa mkupuo, nikalipa elfu arobaini kila mwezi, mwaka mzima.

Alinisamehe, ila kazi hakunirudishia. Magunia yake bado nayaona Kibirizi, yana herufi nyekundu, anayapakia mtu mwingine. Inauma, sitadanganya. Kwaya nayo nilisimamishwa nilipojieleza, na walionisimamisha wengine mizani zao nazifahamu. Ndugu zangu, tusichezee uvumilivu wa Mungu! Kunyamaza kwake si kutokuona. Taja dhambi yako leo, kwa jina lake. Mimi leo nina chanja zangu nne za kuanikia, dagaa wangu hawana punje ya mchanga, na bei nikitaja nalala.

Elfu arobaini ya mwisho ilipomfikia, alinijibu kwa meseji fupi: "Imefika. Asali ulikula?"

Nikamwandikia bado. Usiku ule nililivuta dumu nikalifungua. Ilikuwa imeganda yote, ikabidi niichokonoe kwa mpini wa kijiko.