Daktari akikuuliza unatumia dawa gani, mtajie zote

Mabaka yalianza mapajani, yakapanda tumboni, yakiwasha usiku kucha. Duka la dawa huku Umoja waliniuzia krimu ya fangasi, nikapaka mwezi mzima bure. Halafu mitoki ikanitoka. Kliniki moja mjini wakanikata kipande cha ngozi kikapimwe. Majibu: limfosaiti zimejaa, huenda ni limfoma, yaani saratani ya chembe hizo za kinga. Nilipanda matatu na karatasi ile mkononi, nikapitishwa kituo changu bila kujua.

Kabla ya kukatwa niliulizwa kama kuna dawa ninayotumia. Nikasema hakuna. Mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu, na hakujua nina kifafa. Miezi minne nilikuwa nikimeza kabamazepini, dawa ya kifafa, kwa siri, nimeificha chini ya leso kabatini.

Daktari wa ngozi niliyepelekwa baadaye alimwomba Mama mkwe atupishe kwanza, ndipo akauliza tena. Nikamwambia yote, nikilia. Akanieleza kuwa tangu 1959 madaktari wameandika kuhusu dawa za kifafa zinazovimbisha tezi hadi zikafanana na limfoma hata kwa hadubini. Dawa huchokoza kinga ya mwili, limfosaiti zikajazana, na mpimaji asiyejua habari ya dawa huweza kudhani ni saratani. Baadhi ya dawa za presha, na alopurinoli ya jongo, nazo zimewahi kufanya hivyo.

Tafadhali, ukishuku dawa ya kifafa usiikate mwenyewe. Kifafa kinaweza kukushika mfululizo bila kukatika, na hilo huua. Mimi nilibadilishiwa levetirasetamu chini ya uangalizi. Fenitoini na fenobabitali walizikwepa, kwa kuwa mwili uliokataa kabamazepini huweza kuzikataa hizo pia. Lakini ukiona homa, uso umevimba, vidonda mdomoni au ngozi inabanduka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na pakiti ya dawa mkononi.

Mabaka yangu yalififia wiki baada ya wiki. Bado naitwa kukaguliwa, maana limfoma ya kweli inaweza kujificha, na sikosi.

Siku hizi nina karatasi yenye jina la kila dawa na tarehe niliyoianza, hata za kienyeji. Nakala moja iko kwenye mkoba wa Mama mkwe. Aliiomba mwenyewe.