Una wasiwasi mwingi? Tafuta tasbihi ya punje 33

Kila nikikaa barazani na tasbihi mkononi hakosi mtu wa kunitania: "Ee sheikh, leo unatuombea?" Siombi. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu skuli. Simu ikilia usiku roho inaruka, nikiitwa na mkubwa wa kazi viganja vinatota jasho. Tasbihi naivuta kwa ajili ya hilo, na kwa kuwa nimeshawaeleza wengi mmoja mmoja, leo naandika yote pamoja.

Chagua ya punje 33. Ile ya 99 ni nzuri kwa uradi, yaani dhikri za kurudiarudia, ukiwa umetulia kwenye mswala, lakini kwa wasiwasi ni ndefu, inaning'inia na kunasa kwenye vifungo. Ya 33 inajaa kiganjani na inaingia mfuko wa kanzu. Hapa mjini Unguja, madukani Darajani na Mchangani, utaziona za plastiki tele, nyingine zinang'aa gizani. Ziache. Ni nyepesi mno, mkono hausikii kitu. Tafuta ya mti, ya kokwa za zaituni au ya akiki, ambayo ina uzito na ubaridi unaousikia mara tu ukiishika. Mimi napenda ya msandali: mkono ukipata joto inanukia, na pua nayo inapata shughuli. Hizi za kidijitali za kuvaa kidoleni na kubonyeza sina ugomvi nazo kwa kuhesabia uradi. Kwa kutuliza roho hazifai, maana hakuna kinachotembea.

Wagiriki wanalijua sana hili la punje kutembea. Wana shanga zao ziitwazo komboloi, ambazo hazina ibada yoyote, ni za kushika tu mtu akinywa kahawa au akingoja jambo. Punje zake aghalabu ni idadi ya witiri, na uzi huachiwa nafasi ili punje iteleze na kugonga mwenzake. Wenye pesa hununua za kaharabu, na mji wa Nafplio una hata makumbusho ya komboloi. Tasbihi nyingi za kiwandani zimekazwa, punje haziendi popote. Nitaeleza chini namna ya kuzilegeza.

Sasa pumzi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanavuta punje mbio mbio, vidole vinakimbizana na moyo. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwaka 2001 watafiti wa Italia na wenzao waliandika katika BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, kwamba mtu akisoma rozari kwa Kilatini pumzi zake hushuka hadi karibu sita kwa dakika, na mwendo wa moyo hufuata. Mantra za yoga zilileta matokeo hayo hayo. Jirani yangu Mkatoliki anayesali kanisa la Minara Miwili nilipomsimulia alicheka, akasema rozari yake ya punje 59 haikuwangoja hao watafiti.

Kwa hiyo punje moja, pumzi moja. Vuta kwa pua, kisha toa polepole, muda mrefu kuliko ulivyovuta, na wakati unatoa ndipo dole gumba liisukume punje. Ukienda hivyo punje 33 zinakwisha kwa dakika tano na ushei. La kusema ni shauri lako. Mwislamu ana "Hasbunallahu wa ni'mal wakil", linatosha pumzi nzima. Asiyetaka neno la dini ahesabu tu.

Mtihani wangu mkubwa ni mkondo wa Nungwi, tukivuka baina ya Unguja na Pemba. Sisi wenye ndugu Pemba hatujaisahau meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011, na msimu wa kusi chombo kikianza kulala upande utasikia "Ya Latifu" kutoka kila pembe. Usingoje hofu ipande. Anza kuvuta mapema, kisiwa cha Tumbatu kikiwa bado kinaonekana, kwani roho ikishapaa vidole vinatetemeka na hesabu inapotea. Kichefuchefu ni habari nyingine, tasbihi haikitibu; chukua tangawizi ukae katikati ya chombo.

Wapo masheikh wanaopendelea kuhesabu kwa vidole badala ya tasbihi, kwa hadithi isemayo kwamba vidole vitaulizwa na vitatamkishwa. Sibishani nao. Tena pingili za vidole zinafaa mno kwenye usaili wa kazi, ambako ukitoa tasbihi watadhani umekuja kuwafanyia zinguo la kutoa uchawi. Bibi yangu alikuwa hataki kabisa mtu aichezee tasbihi huku anasengenya, wala aingie nayo chooni. Kwa heshima hiyo ninazo mbili: ya uradi haitoki kwenye mswala, ya wasiwasi inazunguka nami.

Ukiona usingizi umekata wiki na wiki, chakula hakipiti na watu unawakwepa, usizidishe punje, nenda hospitali. Najua jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, linawatia watu haya. Mtu akionekana getini tu, habari zimeshafika Mkoani kule Pemba. Basi anzia kwa daktari wa kituo cha afya cha karibu nawe, lakini anza. Na kifua kikibana mpaka maumivu yakashuka mkononi, hapo hapana cha tasbihi, ita gari.

Nililoahidi kuhusu uzi. Ukikuta tasbihi nzuri iliyokazwa, nunua mshipi mwembamba wa kuvulia, kata uzi wa zamani juu ya sinia ili punje zisitawanyike uvunguni, kisha zitunge upya ukiacha nafasi ya vidole viwili. Mshipi wa nailoni unateleza, kwa hiyo piga fundo mara tatu, ncha uzichome kwa kiberiti, halafu livute fundo lijifiche ndani ya ile punje ndefu ya kichwani.