Moyo unaenda mbio ndani ya daladala

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Uyole na nauza viazi Mwanjelwa. Tangu Aprili, nikiwa kwenye daladala moyo unaenda mbio ghafla, vidole vinafanya ganzi, pumzi inakata, naona kabisa nakufa. Hospitali walipima moyo, damu na sukari, wakasema niko sawa. Nyumbani wanasema nimerogwa. Siku hizi nashuka njiani au sitoki kabisa, na biashara imelala.

JIBU: Marahaba, dada. Pole sana. Vipimo kuwa safi hakumaanishi unajisingizia. Dalili ulizozitaja ni za shambulio la hofu: mwili umejiandaa kukimbia hatari ambayo haipo. Unahema harakaharaka, kabonidayoksaidi inatoka kupita kiasi, ndipo vidole vinapofanya ganzi na kichwa kuwa chepesi. Wewe unadhani hewa imepungua, unavuta zaidi, na ganzi inazidi. Kilele hufika ndani ya dakika kama 10, kisha hofu hushuka yenyewe.

Likianza, kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili na ulegeze mabega. Vuta hewa kwa pua ukihesabu polepole hadi 4, tumbo ndilo lipande, si kifua. Itoe kwa mdomo hadi 6, kama unayepoza chai. Endelea dakika 5. Usipumulie ndani ya mfuko, ingawa wapo watakaokushauri hivyo. Na hao wanaosema umerogwa wanakujali. Waonyeshe tu jinsi ganzi inavyoisha pumzi ikitulia.

Kinachokufunga hasa ni kule kushuka. Kila ukimwambia konda "shusha" hofu ikiwa juu, ubongo unajifunza kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa, na kesho hofu inakuanza ukiwa bado kituoni. Kwa hiyo rudi kidogokidogo. Siku 3 za kwanza kaa kituoni tu, usiondoke mpaka hofu ipungue nusu. Kisha panda vituo viwili, saa ambayo gari halijajaa, ukiwa na ndugu. Rudia safari hiyohiyo kila siku mpaka uione ya kawaida, ndipo uongeze kituo, na baadaye upande peke yako. Wengi hushindwa kwa sababu siku ya pili tu wanataka kufika Mwanjelwa.

Punguza kahawa na chai kali. Valium ya kujinunulia duka la dawa achana nayo: inatuliza leo, lakini baada ya wiki chache mwili unaizoea na kuiacha kunakuwa kazi. Mwezi ukipita bila nafuu, nenda hospitali ya rufaa, uliza kitengo cha afya ya akili. Ila kifua kikiuma unapobeba gunia au kupanda mlima, au ukizimia, nenda siku hiyohiyo.

SWALI: Mume wangu alipewa amitriptilini ya sonona. Siku ya 8 leo, mdomo umekauka, analala tu, na huzuni ni ileile. Aache? (Mafinga)

JIBU: Asiache ghafla, mama. Maudhi ya dawa hutangulia, nafuu hufuata baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6. Aimeze jioni, anywe maji kidogokidogo. Mkojo ukigoma au moyo ukienda mbio, mrudishe kliniki. Vidonge tunza wewe, umpe dozi ya siku tu: vikimezwa vingi kwa mpigo vinaweza kusimamisha moyo. Na muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na akisema ndiyo, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.